Mtoto wa Mjini: Kubalehe Kati ya Posta na Kariakoo

Kijana wa miaka kumi na sita anayefanya uwinga Kariakoo hana duka, hana mzigo, na mara nyingi hana hata hela ya chai ya asubuhi. Alicho nacho ni macho na mdomo. Anasimama Mtaa wa Congo, anamwona mama ameshuka na mfuko mtupu, na kabla mama hajajua aelekee wapi ameshaulizwa: "Mama, unatafuta mapazia? Njoo nikupeleke kwenye bei ya jumla." Wanapenya kati ya maguta na wabeba mizigo, wanapanda ngazi za ghorofa moja, wanaingia kwenye fremu ambayo mwenye duka alishampa kijana bei yake. Pazia ni elfu ishirini na tano. Kijana anataja thelathini na tano. Mama anasema ishirini na nane. Kijana anacheka, anaapa, anamwita "mama yangu mzazi", na wanamalizana kwa elfu thelathini. Hiyo elfu tano ni cha juu chake.

Kwa muda mfupi huo ametoa na kujumlisha kichwani, amesoma uso wa mtu asiyemjua, amemeza dharau ya mteja, na amejua ni wakati gani wa kushuka bei na ni wakati gani wa kukaza. Amesema pia uongo mara mbili tatu, na hakuna aliyemkemea.

Watu wengi wakimtazama kijana huyu huona mawili: ama muhuni mtarajiwa, ama mpambanaji anayestahili pongezi. Mimi namwona mtoto ambaye bado anakua. Na hoja yangu katika sura hii ni kwamba kelele, msongamano na biashara za katikati ya mji zina mengi ya kumpa mtoto huyo. Kinachomwumiza ni kushinda kutwa katikati ya maelfu ya watu wazima ambao hakuna hata mmoja anayejua jina lake wala anakolala.

Tuanze na anachopewa, kwa sababu hili husahaulika. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya Recife, mji wa bandari wenye masoko ya barabarani kama yetu. Waliwaendea watoto wachuuzi wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja: nazi kumi ni kiasi gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi? Watoto walipata majibu sahihi kwa asilimia 98. Kisha hesabu zilezile zikaandikwa kwenye karatasi kama za darasani, bila nazi wala noti. Wakapata asilimia 37. Mwalimu yeyote wa hisabati katika shule za Kariakoo, Gerezani au Mnazi Mmoja angepaswa kuujua utafiti huu kwa moyo. Mtoto anayesinzia kwenye dawati la nyuma na kuambiwa kichwa chake kizito huenda ndiye jioni anayemgawia baba yake faida ya siku bila kikokotoo.

Kuna kingine ambacho mtoto wa mjini hupewa bure, nacho ni watu wa kila namna. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliukata mji huu wa Dar es Salaam vipande: Uzunguni ufukweni, Uhindini hapo panapoitwa leo Posta na Kisutu, na Uswahilini Kariakoo, mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza. Kati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili watu wasichangamane. Watoto hawakuuheshimu mpaka huo kama ulivyokusudiwa. Hadi leo, mtoto anayetoka Mtaa wa Aggrey kwenda kununua vitabu Posta anapita mbele ya misikiti, makanisa, mahekalu na jamatini kabla hajafika, na akifika kidato cha nne ameshajua kusalimia watu wa dini tatu kwa namna wanayopenda kusalimiwa. Mtoto wa kijiji chenye kabila moja hulipata hilo akiwa mtu mzima, kama akilipata.

Sasa tuje kwenye ubongo wa kijana. Wanasayansi wanakubaliana kwamba sehemu za ubongo zinazotafuta msisimko na sifa huchangamka mapema katika balehe, ilhali zile za kupima matokeo na kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walionyesha jambo ambalo kila mzazi wa Kariakoo amelishuhudia barazani kwake. Waliwaweka watu kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, baadhi wakicheza peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Watu wazima waliendesha vilevile. Wale wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana mara wenzao walipokuwepo. Kijana mwenye akili ileile hubadilika akiwa na rika lake.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kijiwe chochote ni hili: ukiacha vijana wenyewe, nani mwingine yupo pale?

Kariakoo ya zamani ilikuwa na jibu, na jibu hilo lilijengwa kwa udongo, miti na baadaye saruji. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani palikuwa na jiko, choo, bafu na kisima au bomba la kuchangia. Mbele palikuwa na baraza. Kila chumba kingeweza kuwa na familia nzima. Mvulana akibalehe hawezi tena kulala chumba kimoja na wazazi wake, hivyo hutolewa: hulala ukumbini juu ya mkeka, au hupewa banda la uani na wavulana wenzake wa vyumba vingine. Huo ndio mwanzo wa geto. Lakini geto la uani lilikuwa na mipaka yake. Ili utoke usiku ulipaswa kupita ukumbini, na ukumbini kulikuwa na bibi asiyelala. Ili urudi ulipaswa kupita barazani, na barazani walikuwepo wazee na bao lao. Mzee wa chumba cha pili hakuwa ndugu yako wa damu, ila alikuwa na haki ya kukutuma dukani, kukuuliza ulipotoka, na kukuchapa kama hapana budi, kisha akampelekea baba yako taarifa.

Sisemi nyumba zile zilikuwa pepo. Viboko vilizidi, siri hazikuwepo, na mtoto aliyenyanyaswa na mpangaji wa chumba cha jirani mara nyingi hakuwa na wa kumwambia. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Jicho la jirani lilikuwa ulinzi kwa wengi na tishio kwa wengine, na anayezililia nyumba za zamani anapaswa kuyakumbuka yote mawili.

Hata hivyo jicho hilo lilifanya kazi kubwa. Chicago, mwaka 1995, Robert Sampson na wenzake waliwauliza wakazi zaidi ya 8,700 wa mitaa 343 maswali mepesi: je, mtoto akitoroka shule na kukaa pembezoni mwa barabara, majirani zako watamsemesha? Je, watu wa mtaa huu wanaaminiana? Matokeo yalichapishwa 1997. Mitaa ambayo watu waliaminiana na walikuwa tayari kuingilia ilikuwa na ukatili mdogo, hata ilipolinganishwa na mitaa yenye umaskini uleule. Wazee wetu wa barazani hawakumsubiri Sampson, lakini ni vizuri kujua kwamba walichokuwa wakifanya kina uzito unaopimika.

Vijana waliolelewa katika barabara hizi hawakuwa wa kusubiri kufanyiwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba, iliyoitwa kwanza Queens kisha Sunderland, mwaka 1936. Zote mbili zimeota hapa, moja ikaweka makao Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa katika nyumba ya mtaa unaoitwa leo Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alizaliwa na kukulia mjini humuhumu, na alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Na Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa. Ilipofika 1955 na TANU ikataka wanawake, hakuanza kutafuta watu mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, na nyuma ya kila kiongozi kulikuwa na safu ya wanawake waliokuwa wameshazoea kuchangishana, kupanga na kutii makubaliano. Uongozi ule ulifinyangwa uani.

Nimemtaja Bibi Titi kwa makusudi, maana tukizungumza "vijana wa mjini" huwa tunawaza wavulana. Yeye aliozwa akiwa na miaka kama kumi na minne. Msichana wa Kariakoo alipovunja ungo, mji uliokuwa wazi kwa kaka yake ulifungwa kwake. Na alipothubutu kuupita, kulikuwa na wa kumhukumu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na hapa Kariakoo makundi ya wavulana yaliwazonga wanawake kwa sababu ya mavazi yao. Wavulana wale walikuwa katika hali ileile ambayo Gardner na Steinberg waliipima miaka zaidi ya thelathini baadaye: wako pamoja, wanatazamana, na safari hii hata wakubwa wamewapa ruhusa.

Leo msichana wa kidato cha pili akipita Congo na sare ya shule hushikwa mkono, huitwa majina, husifiwa umbo lake na watu wenye umri wa baba yake. Hujifunza kutembea haraka, kutazama chini, kuzunguka Uhuru ili asipite vichochoroni. Akili yote anayotumia kukwepa angeweza kuitumia kwa jambo jingine. Sheria nayo ilichelewa kumlinda: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alipinga kifungu hicho akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019.

Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zimekuwa zikiporomoshwa moja baada ya nyingine na ghorofa kuota mahali pake. Chini fremu, katikati fremu na stoo, juu stoo na vyumba vichache. Baraza limekuwa ngazi ya duka, na mwenye fremu aliyelipa kilemba kizito hawezi kumruhusu mzee akae na bao lake mlangoni kwake. Nani wa kumlaumu? Ardhi ya Kariakoo ni ghali mno kuachiwa mkeka. Warithi wameuza, wamegawana, wamehamia Mbagala, Tabata, Kinyerezi, Gongo la Mboto. Dar es Salaam iliyokuwa na watu 272,821 katika sensa ya 1967 ilihesabiwa kuwa na 5,383,728 mwaka 2022, na kiini chake kinazidi kujaa mchana na kukosa wenyeji.

Waliohama wamepata nafasi, hewa na chumba cha peke yao. Kwa mtoto mdogo ni faida. Kwa kijana aliyekwisha balehe, hesabu ni nyingine. Marekani ilijaribu jambo hili kwa makusudi kuanzia 1994: familia zipatazo 4,600 za mitaa maskini ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York ziliingizwa kwenye bahati nasibu, na baadhi zikapewa msaada wa kuhamia mitaa yenye hali nzuri. Mwaka 2016 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walitoa majibu ya muda mrefu. Watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa asilimia 31 hivi walipofikia miaka ya ishirini na kitu. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakunufaika, na pengine walipoteza kidogo. Kuhama humkatia kijana nyuzi alizokwisha zifunga: rafiki, kocha, mwalimu wa madrasa, fundi aliyekuwa anamfundisha kazi. Tunapomtoa kijana wa miaka kumi na tano Mtaa wa Narung'ombe na kumpeleka mahali asipojulikana, tusishangae akirudi Kariakoo kila siku. Anafuata watu wake.

Na wengi hurudi kwa sababu nyingine kabisa, yaani shule. Azania, Jangwani, Zanaki, Kisutu, Tambaza na Benjamin Mkapa ziko katikati ya mji, lakini wanafunzi wao wengi hulala mbali. Mtoto wa Gongo la Mboto huamka saa kumi alfajiri ili apande daladala, na konda humsukuma kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni kidogo na nafasi yake inatosha mtu mzima. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yalipunguza adha kwa walio njia ya Kimara, si kwa wote. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa nane hadi kumi kwa umri wa miaka 13 hadi 18, na balehe yenyewe huuchelewesha usingizi usiku. Mtoto huyu hupata saa tano au sita tu. Jioni, badala ya kugombania daladala ya saa kumi na moja, hungoja Mnazi Mmoja au Kariakoo hadi umati upungue. Saa hizo hazina mwalimu, hazina mzazi. Nikiulizwa ni wapi hasa katikati ya mji humpoteza mtoto, ningezitaja saa hizo kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Ndizo anazotafutwa na muuza unga, na anayetaka kujua mwisho wa njia ile akatazame foleni ya asubuhi ya dawa ya methadoni Muhimbili, kliniki iliyofunguliwa mwaka 2011.

Saa hizo za jioni zinahitaji mahali pa kwenda. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye kiwanja kidogo karibu na msikiti, Mtaa wa Indira Gandhi, pale ghorofa lililokuwa likijengwa ubavuni mwao lilipoanguka. Watu 36 walikufa, watoto wakiwemo. Walikuwa wamefanya kile tunachowaomba vijana wafanye: wamekwenda kucheza, karibu na nyumbani, karibu na wazee wao. Mji uliwaachia ukanda mwembamba kando ya jengo lisilofaa. Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka kwenye makutano ya Mchikichi na Congo na kuua watu zaidi ya ishirini, wengi wao wakiwa kazini. Ramani ya jengo, kibali chake na nondo zake ni mambo ya malezi pia.

Na bado vipo vitu vinavyofanya kazi. Viwanja vya Kidongo Chekundu, vilivyofunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Jakaya Kikwete, vina mpira wa miguu na wa kikapu, vina taa, na vina makocha wanaojua majina ya watoto. Klabu ya Sunderland ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa washirika wa mradi ule, jina lilelile ambalo vijana wa Msimbazi walijiita zamani. Maktaba Kuu ya Taifa, kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, imejaa wanafunzi wa sekondari msimu wa mitihani. Wanakaa kimya, wawili wawili kwenye kitabu kimoja, na msimamizi akiwapita. Havitoshi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia nne kwa vijana huanza na wenye miaka 18, hivyo winga wa miaka kumi na sita hayumo. Na tangu mwaka 2025, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo, usiku wenyewe umefunguliwa: taa zitawaka, fedha itazunguka, na watoto watakuwepo.

Kwa hiyo Halmashauri ya Jiji, ambayo imeruhusu soko likeshe, ipange pia nani atakayewatazama watoto usiku huo, na Maktaba na viwanja vikae wazi hadi daladala za jioni zipungue watu. Na wewe mwenye fremu unayemtumia kijana akuletee wateja, usimpe cha juu peke yake. Muulize jina la baba yake, shule anayosoma au aliyoiacha, na nani anamngoja nyumbani. Akikosekana siku tatu, mpigie simu.